Walei Wakatoliki na manusura wa unyanyasaji wa mapadri: wanachofanya, sheria inachosema, na sisi tunachojifunza

Katika Bukavu, Mkatoliki na Mprotestanti wanaishi ukuta kwa ukuta. Watoto wao wanasoma darasa moja, wagonjwa wao wanalala wodi moja pale Panzi, na siku ya msiba wanazikana. Kwa hiyo jeraha la kanisa moja halibaki ndani ya uzio wa kanisa hilo. Makala hii inaeleza kazi ya Wakatoliki wa kawaida wanaosimama pamoja na watu walionyanyaswa kingono na mapadri au watumishi wengine wa Kanisa lao. Hatuiandiki ili kuwanyoshea kidole ndugu zetu. Tunaiandika kwa sababu njia waliyopitia inatuhusu, na kwa sababu binti aliyeumizwa na mtu wa Mungu anaweza kugonga mlango wa yeyote kati yetu.

Maneno tunayotumia

Mlei ni mbatizwa asiye padri wala mtawa: mwalimu, mama wa sokoni, mwanafunzi, daktari. Manusura ni mtu aliyepatwa na unyanyasaji na bado yuko hai mbele yetu. Wengi wanapenda neno hilo kuliko "mhanga", kwa sababu linasema kwamba maisha yake hayakuishia pale. Unyanyasaji si ubakaji wa nguvu tu. Ni pia kumshika mtoto isivyofaa, kumlazimisha mtu kwa ahadi ya kazi au masomo, na kutumia sala au jina la Mungu ili kupata mwili wa mtu.

Kwa nini ni vigumu kusema

Mtu wa Bukavu ana sababu za kweli za kuwaheshimu mapadri na maaskofu wake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa mjini tarehe 29 Oktoba 1996, akiwa amebaki na watu wake wakati wengine walikimbia. Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alifukuzwa mjini Februari 2000 na waasi waliotawala wakati huo, kwa sababu ya kusema ukweli juu ya mateso ya watu. Alirudi Septemba, na tarehe 4 Oktoba mwaka huo akafariki Roma. Mji uliozika wachungaji wa namna hiyo unaona uchungu kusikia jina la padri likitajwa kwa aibu. Hata manusura mwenyewe anauona uchungu huo, naye hujiuliza kama kusema ni kuisaliti damu ya watu hao.

Sababu ya pili ni mkate. Tangu mkataba wa 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, sehemu kubwa ya shule zetu zinaongozwa na makanisa, Katoliki na Protestanti. Mtu mmoja anaweza kuwa na neno juu ya kazi ya baba, nafasi ya mtoto shuleni, dawa za mama na ubatizo wa mdogo. Familia ikipima hasara na faida, mara nyingi inachagua kunyamaza.

Sababu ya tatu ni vita. Kwa karibu miaka thelathini, neno "ubakaji" kwetu limemaanisha mtu mwenye silaha aliyetoka msituni. Mtu aliyeumizwa na mwanamume asiye na bunduki, aliyevaa kanzu, anayejulikana kwa jina na kupendwa na watu, hukosa hata neno la kueleza lililompata. Naye anaogopa kuambiwa kwamba lake si kitu ukilinganisha na yale ya Kaniola au Bunyakiri.

Walei wa Kongo si waoga. Tarehe 16 Februari 1992 waliandamana Kinshasa wakidai Mkutano Mkuu wa Taifa ufunguliwe tena, na watu wakauawa. Tarehe 31 Desemba 2017 Kamati ya Uratibu ya Walei iliita watu barabarani tena, na damu ikamwagika. Lakini kusimama mbele ya serikali pamoja na padri ni jambo moja. Kusimama mbele ya padri pamoja na binti ni jambo jingine, na linadai ushujaa wa aina nyingine.

Jinsi walei wa nchi nyingine walivyoanza

Mjini Chicago, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980, Barbara Blaine, aliyenyanyaswa na padri akiwa msichana, alianza kukusanya manusura wenzake ili wasikilizane. Kundi hilo, SNAP, lilikua hadi kufikia nchi nyingine. Wakati huo halikuwa na jengo wala fedha. Lilikuwa na viti vichache na watu waliokubali kuamini.

Januari 2002, gazeti la Boston Globe lilifichua kwamba mapadri waliojulikana kuwa na makosa walikuwa wakihamishwa kutoka parokia moja hadi nyingine. Wakatoliki wa kitongoji cha Wellesley walianza kukutana chini ya kanisa lao. Wengi walikuwa waumini waaminifu, wazazi na wazee wa parokia, na mmoja wa viongozi wao wa kwanza alikuwa daktari wa moyo, James Muller. Waliunda chama cha Voice of the Faithful na kujiwekea malengo matatu: kuwasaidia manusura, kuwaunga mkono mapadri waaminifu, na kutafuta mabadiliko katika uongozi wa Kanisa. Baadhi ya maaskofu waliwakataza kukutana katika majengo ya Kanisa. Hawakuhama Kanisa. Tarehe 13 Desemba mwaka huohuo, Kardinali Bernard Law wa Boston alijiuzulu.

Nchini Ufaransa, wanaume wa Lyon waliokuwa maskauti wadogo chini ya padri Bernard Preynat waliunda chama cha La Parole libérée mwaka 2015. Padri huyo alihukumiwa kifungo mwaka 2020. Kisha tume huru iliyoongozwa na Jean-Marc Sauvé, ambayo maaskofu wenyewe waliiomba, ilitoa ripoti yake tarehe 5 Oktoba 2021. Ilikadiria kwamba watu 216,000 walinyanyaswa wakiwa watoto na mapadri au watawa tangu mwaka 1950. Wakihesabiwa na walionyanyaswa na walei waliofanya kazi katika Kanisa, idadi inafika 330,000. Hesabu ya mwisho inaonyesha kwamba hata mwalimu wa katekisimu au kiongozi wa vijana anaweza kuwa mkosaji.

Afrika haiko nje ya habari hii. Mwaka 1994 mtawa na daktari kutoka Ireland, Maura O'Donohue, aliwapa wakuu wa Kanisa taarifa iliyotaja visa kutoka nchi 23, vingi vikiwa vya bara letu, juu ya masista walionyanyaswa na mapadri. Katika miaka ile ya ukimwi, baadhi ya mapadri waliwatafuta masista kwa kuwaona ni "salama". Taarifa hiyo ilijulikana na watu wote mwaka 2001 tu. Na Februari 2019, Papa Francis alipowaita maaskofu Roma kwa ajili ya jambo hili, kati ya manusura waliokwenda kudai haki alikuwemo Mkongomani aliyenyanyaswa na padri Mbelgiji wakati alipokuwa mwanafunzi wa seminari ndogo katika nchi yetu.

Milango iliyopo Bukavu

Katika komini za Ibanda, Kadutu na Bagira, maisha ya Mkatoliki wa kawaida yanaanzia katika shirika, yaani ile jumuiya ndogo ya nyumba za jirani zinazosali pamoja kila juma. Maaskofu wa Kongo walichagua njia hii ya jumuiya ndogo mapema, mwaka 1961. Uzuri wa shirika ni kwamba linaongozwa na walei, na linajua nani hajala na nani hajaonekana. Hatari yake ni ileile: kila mtu anajua ya kila mtu. Siri ikianguka katika shirika, asubuhi iko sokoni Kadutu.

Kwa sababu hiyo walei wa Bukavu wamejenga pia milango mingine. Kituo cha Olame cha jimbo kuu, ambacho Mathilde Muhindo alikiongoza kwa miaka mingi, kimefanya kazi na wanawake wa vijijini, na wakati wa vita kikawapokea wanawake waliobakwa, kikiwapa usikilizaji, matibabu na njia ya kujitegemea. Tume ya Haki na Amani inafundisha watu sheria na kufuatilia kesi. Groupe Jérémie, kundi la Wakatoliki lililoanza katika miaka ya 1990, lilifundisha watu kusoma Maandiko pamoja na haki za raia. Upande wetu, Héritiers de la Justice walifanya kazi kama hiyo, na katibu wao mkuu, Pascal Kabungulu, aliuawa nyumbani kwake mwaka 2005.

Halafu kuna Panzi. Hospitali hiyo ilianzishwa mwaka 1999 chini ya Jumuiya ya 8 CEPAC, na Daktari Denis Mukwege, mwana wa mchungaji, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 kwa kazi yake huko. Panzi inampokea manusura kwa msaada wa aina nne mahali pamoja: mwili, moyo, maisha ya kila siku na sheria. Kwa Mkatoliki aliyeumizwa na mtumishi wa kanisa lake, mlango wa Kiprotestanti una faida moja kubwa: si rahisi akutane na anayemjua, wala na mfanyakazi mwenza wa mtuhumiwa.

Hapo ndipo penye kiini cha kazi yote ya walei. Manusura anahitaji angalau mlango mmoja ambao ufunguo wake hauko mikononi mwa wenzake mtuhumiwa.

Kanisa Katoliki lenyewe linaagiza nini

Tarehe 7 Mei 2019 Papa Francis alitoa sheria iitwayo Vos estis lux mundi, na mwaka 2023 akaithibitisha na kuipanua. Inadai kila jimbo liwe na ofisi au njia iliyo wazi ya kupokea taarifa. Padri au mtawa anayejua jambo analazimika kulitoa. Mlei hana lazima hiyo, lakini ana haki ya kutoa taarifa. Anayetoa taarifa hawezi kuadhibiwa kwa ajili hiyo, na manusura hawezi kulazimishwa kunyamaza. Taarifa inaweza kumhusu hata askofu: hapo kazi ya kwanza ni ya askofu mkuu wa eneo, na kwa majimbo ya Goma, Uvira, Kasongo, Kindu na Butembo-Beni, huyo ni askofu mkuu wa Bukavu. Tangu mwaka 2023 sheria inawahusu pia walei wanaoongoza vyama vya kimataifa vinavyotambuliwa na Roma. Na Desemba 2019 ile "siri ya kipapa" iliyofunika kesi hizi iliondolewa, na majimbo yaliambiwa yasiizuie sheria ya nchi.

Jambo moja Waprotestanti wengi hawalijui. Yanayosemwa katika kitubio, padri hawezi kuyatoa hata akitishiwa kifo. Kwa hiyo binti aliyesimulia katika kitubio peke yake bado hajatoa taarifa. Mlei anayemsaidia anamwambia kwa upole kwamba itabidi aseme tena, nje ya kitubio, mbele ya mtu anayeweza kuchukua hatua.

Sheria ya nchi inasema nini

Sheria namba 06/018 ya 20 Julai 2006 inaadhibu ubakaji kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20. Mtu chini ya miaka 18 ni mtoto, na hakuna "alikubali" kwa mtoto. Sheria hiyo inaongeza mara mbili kiwango cha chini cha adhabu pale mkosaji alipokuwa na mamlaka juu ya mtu huyo, na inawataja wazi watumishi wa dini waliotumia vibaya cheo chao. Haisemi padri tu. Mchungaji, mwinjilisti na nabii wa chumba cha maombi wamo.

Sheria ya pili ya siku hiyohiyo, 06/019, inaagiza uchunguzi wa kwanza umalizike ndani ya mwezi mmoja, na kesi ndani ya miezi mitatu. Inataka daktari na mtaalamu wa saikolojia waitwe, usalama na heshima ya manusura vilindwe, na kesi isikilizwe faraghani akiomba. Inasema pia kwamba kulipa faini ya mapatano hakufuti kesi ya ubakaji. Kwa hiyo mbuzi, bahasha au ahadi ya kumlipia binti masomo, vikitolewa sebuleni mbele ya wazee, havimalizi jambo hilo mbele ya sheria.

Je, sheria hizi zimewahi kufanya kazi kwetu? Ndiyo. Kavumu, kaskazini mwa Bukavu, wasichana wadogo sana walikuwa wakichukuliwa usiku kutoka nyumbani na kubakwa. Tarehe 13 Desemba 2017 mahakama ya kijeshi iliwahukumu wanaume 11 kifungo cha maisha kwa uhalifu dhidi ya binadamu, akiwemo mbunge wa jimbo. Kundi lao liliitwa Jeshi la Yesu. Jina takatifu halikuwafunika. Madaktari wa Panzi, mavoka na wazazi walifanya kazi pamoja kwa miaka, na baadhi ya mashahidi walisikilizwa wakiwa wamefichwa sura na sauti.

Tangu M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, kazi ya mahakama na polisi imevurugika. Hilo linafanya karatasi kuwa na thamani zaidi. Cheti cha daktari kilichoandikwa leo na kuhifadhiwa vizuri kinaweza kungoja mahakama itakaporudi katika hali yake.

Mlei anayesaidia anafanya nini

Yanayofuata yanatokana na uzoefu wa makundi haya na wa wahudumu wa manusura kwa jumla.

Kwanza, anasikiliza bila kuhoji kama polisi. Haulizi alivaa nini wala kwa nini alikwenda. Anasema: nimekusikia, nakuamini, si kosa lako.

Pili, kama jambo ni la karibuni, anamsindikiza hospitali ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia ukimwi. Ni bora asioge kwanza, na nguo zake zihifadhiwe katika karatasi, si katika plastiki.

Tatu, anatunza siri. Halitaji jambo hilo katika shirika, wala katika maombi ya usiku "kwa ajili ya dada mmoja". Anayeamua nani aambiwe ni manusura mwenyewe. Kama ni mtoto, mtu mzima anayemlinda anapaswa kujua, na jambo haliwezi kufichwa.

Nne, hampeleki kukutana na mtuhumiwa ili "wasameheane". Msamaha ni zawadi ya manusura, kwa wakati wake. Hakuna mtu mwenye haki ya kumdai.

Tano, anatafuta avoka na kufuata njia mbili kwa pamoja: taarifa kwa ofisi ya mwendesha mashtaka na taarifa kwa jimbo. Kanisa linaweza kumwondoa mtu katika upadri, lakini haliwezi kumfunga. Serikali inaweza kumfunga, lakini haiwezi kumwondoa altareni. Njia moja haichukui nafasi ya nyingine.

Sita, hajifanyi hakimu. Uchunguzi wa haki unamlinda pia padri asiye na kosa, na wapo wengi waaminifu wanaoteseka kwa ajili ya aibu ya wachache.

Saba, anabaki. Miezi sita baadaye watu wamesahau, lakini binti bado anahitaji pesa za shule, nauli ya kwenda hospitali, na mtu wa kukaa naye kwenye benchi kanisani kama bado anataka kwenda. Hapa ndipo wasaidizi wengi wanapochoka.

Na sisi?

Mprotestanti akisoma haya asijisifu kwamba wachungaji wetu wana wake. Mei 2022 ripoti juu ya Wabaptisti wa Kusini wa Marekani ilionyesha kwamba viongozi walikuwa na orodha ya siri ya mamia ya watuhumiwa huku wakiwapuuza manusura. Januari 2024 utafiti wa makanisa ya Kiprotestanti ya Ujerumani ulihesabu angalau manusura 2,225 na watuhumiwa 1,259. Novemba 2024 Askofu Mkuu wa Canterbury, Justin Welby, alitangaza kujiuzulu baada ya ripoti juu ya John Smyth, mlei wa Kianglikana aliyewatesa wavulana aliokutana nao kupitia kambi za Kikristo Uingereza na baadaye Zimbabwe.

Tena sisi tuna udhaifu wetu. Padri anayehamishwa bado ana askofu mwenye faili yake. Mchungaji aliyefukuzwa katika jumuiya moja anaweza kufungua kanisa lake mwenyewe katika kartiye ya pili kabla ya mwezi kwisha, na hakuna karatasi inayomfuata. Tuna mikesha, vyumba vya maombi, mafungo ya kufunga na kuomba, na ibada za kufukuza mapepo ambamo msichana huachwa peke yake na mtumishi. Kumlinda hakuhitaji fedha za wafadhili. Kunahitaji mlango ulio wazi, mama wa kanisa anayekaa ndani, na barua kutoka kanisa la zamani kabla ya kumpokea mtumishi mpya.

Katika 2 Samweli 13, Tamari alibakwa ndani ya nyumba ya Amnoni, mwana wa mfalme. Ndugu yake Absalomu alimwambia anyamaze, kwa kuwa aliyemtenda ni ndugu. Daudi alikasirika, lakini hakufanya kitu. Tamari akabaki ukiwa katika nyumba ya ndugu yake, na miaka miwili baadaye nyumba nzima ya Daudi ikaingia damu. Waliomnyamazisha walidhani wanailinda familia.

Baraza la wazee la kila kanisa mahalia linaweza kujibu maswali matatu katika kikao chake kijacho. Mtoto akiumizwa hapa, na aliyemuumiza ni mchungaji mwenyewe, atamwendea nani? Je, mtu huyo ni mwanamke anayeaminiwa, asiye mke wala jamaa wa mchungaji? Na je, watoto wa shule ya Jumapili wameshaambiwa jina lake? Kanisa lisiloweza kujibu halihitaji kungoja kesi ili lianze. Na Mkatoliki wa jirani akija kugonga akiwa na binti yake, tusimuulize kwanza anasali wapi.